Futari Kapika Nani? Kisa cha mgonjwa wa tiba ya kinga kutoka Pemba

Mgonjwa wangu alikuwa na kadi ndogo aliyopewa India, ukubwa wa kitambulisho. Iliandikwa kwa Kiingereza kwamba mwenye kadi hii anatumia dawa ya kuamsha kinga ya mwili, na kwamba akiugua lolote waulizwe wanaomtibu saratani kabla ya kudhaniwa maradhi mengine. Kadi hiyo ilikuwa kabatini Wete, ndani ya bahasha ya pasipoti, chini ya kanga za sikukuu. Ndipo ilipolala siku zote alizokuwa akizidiwa.

Ni mama wa miaka 56, mkulima, wa wilaya ya Wete, kaskazini ya Pemba. Jina na kijiji naviacha. Yeye na wanawe wameridhia niandike mengine. Maradhi yalianza kwa doa jeusi kwenye wayo wa mguu wa kushoto, akadhani ni mwiba uliovunjikia ndani msimu wa karafuu. Doa likawa kidonda, kidonda kikakataa kufunga. Wengi wetu tunaamini saratani ya ngozi ni ya Wazungu wanaolala juani, na kwa sehemu kubwa ni kweli, ila melanoma, aina kali ya saratani hiyo, ikimpata mtu mweusi hupenda kukaa pale jua lisipofika: wayo, kiganja, chini ya ukucha. Bob Marley alifariki mwaka 1981, ana miaka 36, kwa melanoma iliyoanzia kidole cha mguu, chini ya ukucha. Nikiwaambia hivyo vijana wa mtaani kwangu wenye fulana zake, huinama kuangalia miguu yao hapo hapo.

Wanawe wawili wako Muscat. Wao ndio waliochanga akapelekwa India, akakatwa sehemu ya wayo na mitoki ya kinena iliyokwisha kuingiwa, kisha akaanzishiwa pembrolizumab: miligramu 200 kwa dripu ya nusu saa, kila wiki ya tatu, kwa mwaka mmoja, ili saratani isirudi. Dozi tatu alipata huko huko. Zilizofuata alipata kwetu Unguja, akivuka kwa boti kutoka Mkoani na kurudi siku ya pili yake. Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa za jamii hii katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019, kwa ajili ya melanoma hasa. Kwetu bado inategemea kama una mtoto Muscat.

Mimi ndiye muuguzi mwandamizi wa chumba kile cha dripu. Watu hudhani kazi yetu ni sindano. Dozi yenyewe ni nusu saa na mgonjwa mara nyingi husinzia. Kazi ni zile wiki tatu zinazofuata, mgonjwa akiwa kwake, mimi nikiwa na simu.

Kwa nini simu? Seli za ulinzi wa mwili zina breki, na mojawapo huitwa PD-1. Saratani imejua kuikanyaga breki hiyo, seli zikafika mbele yake zikapoa. Pembrolizumab inaiziba breki isikanyagike. Lakini breki ile ile ndiyo iliyokuwa ikizuia ulinzi usile viungo vyetu wenyewe, kwa hiyo madhara yake hayana nyumba moja: utumbo, mapafu, ini, ngozi, moyo, tezi. Hayana saa pia. Yanaweza kuja wiki ya tatu, mwezi wa sita, au miezi kadhaa baada ya dozi ya mwisho, mtu keshasahau kwamba aliwahi kutundikiwa dripu. Na hayafanani na yale ya kemotherapi ambayo watu wameyazoea. Nywele hazitoki. Majirani wa mama huyu walimwona na nywele zake zote, wakaamua kwamba hiyo basi si dawa ya saratani.

Kuna na tatizo la jina, ambalo sikulijua mpaka baadaye. Sisi kazini tunasema "tiba ya kinga". Kwa Kiswahili neno kinga, likitajwa mbele ya dawa, linakwenda moja kwa moja kwenye Upungufu wa Kinga Mwilini, yaani UKIMWI. Mama alishaambiwa hivyo na mtu kwenye boti: "Dawa za kinga? Masikini." Tangu siku hiyo akiulizwa anatumia nini alijibu "dawa za India". Ndivyo lilivyoandikwa katika daftari lake la matibabu huko Pemba, mara mbili, maneno matatu tu: dawa za India.

Sasa kisa.

Dozi ya 8 aliipata siku kumi na mbili kabla ya Ramadhani. Alisema ana uchovu kidogo. Tulimtoa damu kama kawaida, na majibu yalipotoka thairoidi, tezi ya shingoni, ilikuwa imechoka: TSH, amri inayoisukuma, imepanda hadi 31, homoni yenyewe chini. Hili tunaliona mara nyingi kwa dawa hizi, na tiba yake tunaijua usingizini, vidonge vya thairoksini kila asubuhi. Sodiamu, yaani chumvi ya damu, ilikuwa 131, chini kidogo ya kawaida. Mtu akaizungushia kalamu. Hakuna aliyeiuliza swali. Kotisoli, homoni nitakayoieleza mbele, haikupimwa. Daktari akaandika thairoksini maikrogramu 50, mimi nikapiga simu kueleza namna ya kunywa, tumbo tupu, na kwa kuwa funga inakuja basi ameze akiamka kula daku, kabla ya kula. Vidonge vilipanda boti, vikafika Wete siku mbili kabla ya mwezi kuandama.

Dozi ya 9 ilikuwa iangukie ndani ya Ramadhani. Akaomba aisubirishe mpaka Idi ipite, kwa sababu boti na funga haviendi pamoja. Tulikubali, na kwa dawa yenyewe haikuwa na ubaya wowote. Tulichokosa kukifikiri ni kwamba kwa kukubali tumejinyima macho: mwezi mzima hatutamwona, hatutampima presha wala kumtazama akipanda ngazi.

Kwa asiye wa pwani, siku za Ramadhani tunazihesabu kwa chungu. Chungu cha tano nilimpigia.

"Shikamoo mama. Uhali gani?"

"Marahaba mwanangu. Mzima, alhamdulillahi."

"Uchovu je?"

"Ndo swaumu tu."

Nikaandika kwenye faili: hana malalamiko. Chungu cha 12 sikuwa kazini, mwenzangu akapiga, naye akajibiwa mzima, naye akaandika vile vile.

Chungu cha 16 nilipiga kwa bahati tu, saa moja na nusu usiku, nimetoka zamu nimechelewa na futari yangu iko mbele. Simu ikapokewa na mke wa mwanawe. Assalaam alaykum, waalaykum salaam, swaumu inakwendaje, inakwenda. Nikamuuliza mama. "Mama yupo, mzima, kajinyoosha." Nilikuwa karibu kuaga. Kwa adabu tu, ili mazungumzo yasikatike kavu, nikasema: "Haya, na sisi ndo tunafuturu. Nyinyi leo futari kapika nani, wewe au mama?"

Akanyamaza kidogo.

"Mimi dada. Mama hajaingia jikoni tangu chungu cha nane."

Asiyeijua Pemba hataona uzito wa jibu hili. Mwanamke wa umri ule, mwenye nyumba yake, Ramadhani haachi jiko. Atakaa kwenye kibao akune nazi hata kama mkwewe yuko mbio mbio pembeni. Siku nane hajaingia jikoni, na mimi nina faili linalosema hana malalamiko.

Nikamuuliza anaswali vipi. "Mwanzo alikuwa akiswali kwa kukaa. Siku tatu hizi kwa kulala." Daku? Anameza maji, yanarudi. Akiinuka? Juzi alianguka mlangoni pa choo. Kanga haikai kiunoni, inabidi aifunge kwa mkanda. Viungo vinamuuma. Alfajiri hutoka jasho la baridi.

"Na vile vidonge vya thairoidi?"

"Hivyo hasahau dada. Kila daku namwamsha mimi mwenyewe."

Hapo ndipo mikono yangu ilipopoa. Nitaeleza kwa nini.

Juu ya figo kuna tezi mbili ndogo, adrenali, zinazotoa kotisoli. Bila kotisoli presha haishiki, sukari haishiki, sodiamu inashuka, tumbo linakataa chakula, na mtu anachoka kwa uchovu usiopumzika. Adrenali hazijitumi; zinasubiri amri kutoka tezi ndogo chini ya ubongo, pituitari. Dawa hizi za kuondoa breki mara chache zinaifanya kinga iivamie pituitari, amri ikakatika, kotisoli ikakauka kimya kimya. Mtu anaweza kujikokota hivyo kwa wiki nyingi. Sasa mpe thairoksini. Mwili unaongeza mwendo, unahitaji kotisoli zaidi, na ile kidogo iliyobaki inamalizwa haraka zaidi. Ni kama kumchapa punda aliyelala njaa. Kanuni iko kwenye kila kitabu cha tezi: kama unashuku thairoidi na kotisoli zote zimepungua, steroidi (dawa za jamii ya kotisoli) kwanza, thairoksini baadaye. Tuliijua. Hatukushuku, ndiyo maana haikutusaidia.

Nilimpigia daktari wetu, naye hakuuliza mara mbili. "Wampeleke hospitali sasa hivi, na nipe namba ya zamu." Familia ikatafuta gari ya jirani. Kabla ya hapo mwanawe mkubwa alikuwa amemleta shekhe akamsomea na kumwandikia kombe. Mkwe alinieleza hilo kwa sauti ya chini, kama anayeungama. Nikamwambia kombe haigombani na dawa yetu, amalize kumvisha twende.

Hospitalini walimkuta na presha 74 kwa 42, mapigo 124, sukari 2.8, joto 37.9. Kijana wa zamu, afisa tabibu, alikuwa makini na alikuwa na hoja. Alitaka kumtibu kwa sumu ya damu: presha chini, moyo mbio, joto kidogo. Tulipomwambia ampe hidrokotizoni, yaani kotisoli ya sindano, akasita.

"Sista, huyu ana maambukizi. Nikimpa steroidi si nitammaliza?"

Hoja hii nataka nikae nayo kidogo, kwa sababu wenzetu wengi wanayo na si ya kijinga. Steroidi inapunguza ulinzi, ndivyo tunavyofundishwa. Lakini kwa mtu ambaye mwili wake hautoi kotisoli hata tone, sindano hii haiongezi kitu cha ziada, inarudisha kilichokosekana. Na huna haja ya kuchagua. Daktari wetu alimwambia: mpe antibayotiki yako, sikukatazi, na mpe hidrokotizoni miligramu 100 mshipani sasa hivi, na lita ya dripu ya maji ya chumvi saa ya kwanza, na glukosi. Kama nimekosea kuhusu kotisoli, dozi moja haitamuua. Kama nimepatia na hukumpa, hatafika alfajiri.

"Mnayo?"

"Ipo. Ya pumu."

Kila kituo kinachotibu pumu kina kile kichupa. Dawa iliyomwokoa mama huyu haikuwa ya Muscat wala ya India. Ilikuwa kabatini hatua chache kutoka kwenye dawati ambapo siku mbili tofauti mwezi ule mtu wa kazi aliandika katika daftari lake.

Jambo moja tulilisisitiza: kabla ya sindano, chupa moja ya damu itolewe na kuwekwa kwenye friji kwa ajili ya kotisoli. Baada ya sindano kipimo hakina maana tena. Lakini damu ikikataa kutoka, usipoteze dakika tano kuitafuta; piga sindano. Kwake ilitoka. Ikapanda boti ya asubuhi, na jibu likarudi siku tatu baadaye: 31 nanomoli kwa lita. Mtu aliyelala na presha ile alitakiwa awe na mamia.

Saa tisa usiku nikapata ujumbe kutoka kwa yule kijana. "BP 102/64. Kaomba uji." Nilikuwa macho. Futari yangu ilikuwa bado mezani.

Siku ya pili yake sodiamu ilikuwa 121, na potasiamu, chumvi nyingine ya damu, 4.3, ya kawaida. Potasiamu hii ilimchanganya daktari mmoja wa huko, kwa sababu kitabuni anayekosa kotisoli hupandwa na potasiamu na kuwa mweusi wa fizi. Hiyo ni pale adrenali zenyewe zimeharibika. Ikiwa hitilafu iko juu, kwenye pituitari, potasiamu inabaki sawa na fizi hazibadiliki, na ndivyo ilivyokuwa. Thairoksini tuliisimamisha, tukairudisha baadaye steroidi ikishakaa. Hidrokotizoni akaendelea miligramu 50 kila saa sita kisha ikapunguzwa. Sodiamu tuliichunga isipande mbio, maana ikipanda zaidi ya 8 hadi 10 kwa siku ubongo unaweza kuumia, na mgonjwa aliyeanza kupata kotisoli huanza kukojoa maji mengi na sodiamu ikaruka yenyewe. Siku ya tano akatoka, akiwa na prednisoloni, steroidi ya vidonge, miligramu 5 kila asubuhi, kwa sababu vidonge vya hidrokotizoni havikupatikana Pemba na prednisoloni iko kila duka la dawa. Tezi ikinyamaza namna hii kwa sababu ya dawa hizi, kwa kawaida hairudi. Atameza kile kidonge maisha yake yote.

Tulipokaa kukijadili kisa, mtu wa kwanza kusema alilichukua lile daftari la Pemba. Chungu cha 10: "BP 90/60. Swaumu. Anywe maji mengi usiku." Chungu cha 14: kipimo cha malaria hasi, Widali (kipimo cha homa ya matumbo) chanya, akapewa siprofloksasini ya maambukizi na omeprazoli ya tumbo. Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha Mjini kwa mambo ya shamba. Nikawasomea faili letu: uchovu, sodiamu 131, thairoksini, hana malalamiko, hana malalamiko. Chumba kikatulia. Wale wa Pemba walikuwa na neno "dawa za India" na mwezi wa Ramadhani ambapo kila mtu amechoka. Sisi tulikuwa na jina la dawa, na dozi, na orodha ya madhara ukutani.

Daktari kijana akasema dawa yake ni rahisi: kotisoli ya saa mbili asubuhi ipimwe kabla ya mtu yeyote kuanzishiwa thairoksini, na kila sodiamu ikishuka. Nakubaliana naye na sasa tunafanya hivyo. Lakini sikubali kwamba hapo ndipo kisa kinapoishia. Tuseme tungepima ile siku ya dozi ya 8 na ikatoka ya wastani, kama inavyoweza kutokea, tezi ikanyamaza wiki mbili baadaye. Bado tungekuwa na mama Wete, na simu, na "mzima alhamdulillahi".

Mimi nimezaliwa Unguja na nimeamkiwa maisha yangu yote, na sikuwahi kufikiri kwamba maamkizi yetu ni hatari kazini. "Uhali gani" si swali. Ni mlango, na jibu lake ni kuufungua: mzima, salama, namshukuru Mungu. Hata mwenye msiba atasema salama kwanza, habari ya msiba ije baadaye, ikiulizwa, na mtu aliye karibu. Mama hakunidanganya. Mimi ndiye niliyechukua jibu la maamkizi nikaliandika kama jibu la uchunguzi. Nilipouliza "uchovu je?" nikadhani nimeingia ndani zaidi, kumbe bado niko barazani: Ramadhani uchovu ni wa kila mtu, na kulalamikia uchovu ni kama kulalamikia swaumu yenyewe. Mtu mcha Mungu hawezi.

Swali la futari lilifanya kazi kwa sababu halikuuliza hali. Liliuliza kitendo, na kitendo hakina adabu ya kujibu. Ama umepika ama hukupika.

Kwa hiyo karatasi yetu ya simu tumeiandika upya. Maswali ya zamani, yaliyotafsiriwa kutoka kwenye fomu za Ulaya, yalikuwa yakiuliza una uchovu kiasi gani kwa kipimo cha moja hadi kumi. Sijakutana na bibi wa Pemba aliyewahi kunipa namba. Sasa tunauliza futari, au nje ya Ramadhani chakula cha mchana, kapika nani. Wanaume tunawauliza msikitini wanakwenda kwa miguu, kwa gari, au wanaswali nyumbani, na kama wanakwenda, wanasimama njiani kupumua? Hilo ndilo swali letu la mapafu. Kuharisha, ambako kwa dawa hizi kunaweza kuwa utumbo unavamiwa, ilikuwa shida kubwa kuulizia, maana nani atamtajia choo chake muuguzi wa kike kwenye simu, mkwe akisikia? Tunauliza: udhu unakaa? Anayetia udhu mara nne kwa swala moja atakuambia mwenyewe, na hesabu unaipata bila kumvunjia mtu heshima.

Lakini swali ninalolitegemea kuliko yote ni lile la swala. Kusimama, kukaa, kulala. Dini imetupa ngazi ya nguvu za mtu ambayo kila mzee anaijua, hahitaji kufundishwa, na haibadiliki kwa aibu, au ndivyo nilivyofikiri. Mzee mmoja wa Kusini Unguja aliniambia anaswali kwa kusimama, na ni kweli alisimama, kashika ukuta kwa mikono miwili. Sasa tunauliza na ukuta. Na kwa Wakristo wetu wachache, na kwa vijana ambao swala zao sizijui, narudi kwenye jiko, ngazi na kisima.

Kadi mpya imetugombanisha zaidi ya kotisoli. Wote tulikubali iwe ya Kiswahili na ikae nyuma ya kava la simu badala ya kabatini. Neno kinga ndilo lililotushinda. Nilitaka tuandike wazi kwamba si dawa ya UKIMWI. Mwenzangu akasema ukiandika hivyo ndiyo umelitia neno hilo mfukoni mwa mgonjwa, na pia unawasema vibaya wanaotumia zile dawa. Alikuwa na haki. Kwa sasa imeandikwa "dripu ya saratani inayoamsha ulinzi wa mwili", chini yake jina la dawa kwa herufi kubwa, chini yake namba yetu, na mstari mmoja kwa mhudumu: presha ikiwa chini na hujui sababu, fikiria hidrokotizoni, piga simu. Sijaridhika na "inayoamsha". Mwenye neno bora aniambie.

Mama mwenyewe ana kadi ya pili, ya steroidi. Isiachwe ghafla hata siku moja. Homa ikija dozi iongezwe mara mbili. Akitapika asingoje, apigwe sindano ya paja na apelekwe. Kichupa kipo nyumbani, hakihitaji friji, na mkwe amefundishwa kuchanganya na kudunga. Alijifunzia kwenye papai bichi, mapapai matatu. Kilichotaka kuharibu mambo ni jirani aliyekitambua kidonge: "Si ndo vile vya kunenepesha hivi?" Kuna wanawake wanaomeza steroidi za dukani ili wajaze mwili, na mama hakutaka kufikiriwa hivyo. Ilibidi nimwambie kwamba cha kwake ni kijazio cha kile ambacho mwili wake ulikuwa ukitoa zamani, si zaidi.

Dozi ya 9 aliipata wiki mbili baada ya Idi. Familia ilishangaa, wakidhani tutaifuta dawa kabisa. Utumbo au mapafu yakivamiwa vibaya tunasimamisha, na pengine haturudi. Tezi ni jambo jingine: kilichopotea kimepotea, kusimamisha hakukirudishi, na homoni ikishajaziwa kwa kidonge hakuna kinachozuia kuendelea na vita dhidi ya saratani. Alikaa kwenye kiti kile kile cha dirishani, nikampima presha amekaa, kisha amesimama.

Swali lake siku hiyo lilikuwa la funga. Siku alizokula anazilipaje, na Ramadhani ijayo itakuwaje? Nilimwambia upande wangu: kidonge chake ni cha asubuhi, siku ndefu bila maji na presha kama yake si salama, na daktari amesema hapana. Upande wa pili si wangu, kwa hiyo nilimpigia shekhe wake nikiwa naye. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama maradhi haya yana kupona, nikamwambia hayana, basi akasoma aya ya 184 ya Suratul Baqara na kusema kwake yeye ni fidia, kibaba kwa kila siku, na asijitese.

Mama alimshukuru shekhe, akanishukuru na mimi. Kisha akasema, "Tutaona mwanangu," na akamwambia mkwewe amfungie kanga vizuri, boti isije ikawaacha.